Kimeu Matheka na Jina Lisilo na Mtu

Kimeu Matheka hakupata kuandika mfanyakazi hewa hata mmoja. Hilo na lijulikane kwanza, kwa sababu Buruburu ina masikio marefu na kumbukumbu fupi. Wapo wanaosema mpaka leo, kwenye vikao vya harusi na hata vya matanga, kwamba aliondoka Shirika la Mbegu la Nyanda kwa aibu ya majina ya uongo. Wanaosema hivyo wamelijua neno moja tu la kisa, "hewa", na neno moja la kisa ni kama mwiba wa samaki: utakukwama kooni, hautakushibisha.

Jina alilolifungua Kimeu lilikuwa moja tu. Halikupokea mshahara, halikuwa la binadamu, wala hakulificha. Alilifungua apate kwenda kumwona babake kabla hajafa. Hayo ndiyo yaliyotokea, na mkewe Ndanu, ambaye ndiye anayeandika, alikuwapo.

Kimeu alikuwa kifungua mimba wa Mzee Matheka, mchongaji wa Wamunyu aliyesomesha watoto kwa patasi na gogo la mpingo. Alipenda hesabu tangu utotoni, na hesabu zikamfikisha chuo kikuu, kisha ng'ambo kwenye mafunzo ya kompyuta, kisha kwenye ofisi ya Shirika la Mbegu huko Eneo la Viwanda. Mwaka wa themanini na sita shirika likanunua mashine mpya, kubwa kama kabati la nguo, na Kimeu akawekwa kuwa msimamizi wake. Ndani ya mashine hiyo iliwekwa databesi, yaani ghala la kumbukumbu zote za mbegu: fungu gani limetoka shamba gani, limepimwa na nani, limepelekwa wilaya gani. Karani akitaka kujua jambo, aliliuliza hilo ghala kwa kuandika kwenye kioo, nalo likajibu.

Sasa, mashine ya namna ile haikubali kazi isiyo na mwenyewe. Kila kinachoendeshwa ndani yake lazima kiendeshwe kwa jina fulani, na jina hilo ndilo linaloamua kitagusa nini na kisiguse nini. Liko jina kuu, la mwenye nyumba, ambalo hakuna mlango usiolifungukia. Yako majina ya watu, kila mmoja na chumba chake. Databesi nayo, kwa kuwa ilifanya kazi mchana na usiku, ilihitaji jina la kufanyia kazi.

Mafundi walioiuza waliiweka chini ya jina kuu, kwa sababu ndiyo njia ya mvivu. Ni sawa na kumpa mpishi funguo za nyumba nzima kwa sababu anahitaji kuingia jikoni. Kabla ya mwezi kwisha, Koki, yule dada aliyekuwa msaidizi wa Kimeu, aliiagiza databesi ifute mafaili ya msimu uliopita, akakosea chumba. Lau databesi ingekuwa na jina dogo, mlango ungemkatalia hapo hapo. Lakini ilikuwa na nguvu za mwenye nyumba, ikafagia barua zote za ofisi ya uajiri kama mtu anayefagia makapi. Kimeu alizirudisha kutoka kwenye kanda za akiba, kisha akapanda ghorofani kwa Bwana Faki.

Bwana Faki alikuwa mkuu wa utawala, mtu wa Lamu, msafi wa nguo na wa moyo. Hilo Ndanu hatalikana hata leo. Alikuwa ameletwa mwaka uliotangulia kusafisha shirika baada ya kugunduliwa wafanyakazi hewa, na amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba jina lolote lisilo na mtu nyuma yake lisionekane tena popote.

"Nataka kuifungulia databesi jina lake peke yake," Kimeu akamwambia. "Liitwe mbegu. Litamiliki mafaili ya mbegu, basi. Hakuna mtu atakayeweza kuingia kwenye mashine kwa jina hilo."

Bwana Faki akavua miwani. "Huyu Mbegu ni nani?"

"Si mtu, Bwana Faki."

"Ana kitambulisho?"

"Nimesema si mtu."

"Nimesikia. Kazi afanya?"

"Mchana na usiku."

"Likizo aenda lini?"

"Haendi."

"Kuna aliyemwona?"

Kimeu akacheka. "Hawezi kuonekana."

Bwana Faki hakucheka. "Bwana wee, mwaka jana niliwakuta wengi wa sampuli hiyo. Hawana vitambulisho, hawaendi likizo, hakuna aliyewaona, na wote wana majina mazuri mazuri. Hao ndio waliomng'oa aliyekikalia kiti hiki. Leo waniletea mwenzao wa chuma?"

Kimeu akaeleza tena, akachora, akaleta kitabu cha mashine kilichoshauri jambo lile lile. Bwana Faki akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Kila jina humu ndani litakuwa na shingo," akasema. "Nikitaka kulishika, nilishike. Tafuta mtu mwaminifu, databesi ifanye kazi kwa jina lake. Na huyo mtu neno lake la siri asimpe mwingine, kwa kuwa anayeazima jina ni sawa na anayeazima sahihi. Mashine ikizimika, yeye mwenyewe aje aiwashe."

Kimeu akashuka. Jina kuu lilikuwa hatari, jina la peke yake limekataliwa, likabaki jina la mtu. Akamgeukia Koki.

"Jina langu, mzee?" Koki akaruka. "Nina mtoto wa kunyonya! Stima ikipotea Jumapili nimwache kwa nani, kwa mashine? Weka lako. Wewe ndiye umesomea mambo ya Wazungu."

Basi Kimeu akaweka lake. Hakulalamika. Jioni ile alimsimulia mkewe akicheka, akamwigiza Bwana Faki akiuliza likizo ya Mbegu, na watoto wakacheka wasijue wanachekea nini. Alidhani ni jambo la wiki chache, mpaka mkubwa atakapoelewa.

Shirika likaweka simu nyumbani kwao. Katika mtaa wao wa Buruburu simu zilikuwa za kuhesabika, na majirani walipita polepole mbele ya lango wakisikiliza kama italia. Ililia. Stima ya Eneo la Viwanda siku hizo ilikuwa kama mgeni asiyekaa, na kila iliporudi, mashine iliamka yenyewe lakini databesi ilibaki imelala ikimngoja mwenye jina. Simu ikilia, muda si muda Bulle, dereva wa shirika, alikuwa langoni na pikapu yake.

"Mwalimu, mzee yuko?" angemuuliza Ndanu, aliyekuwa akifundisha shule ya sekondari. "Mashine inamlilia kama mtoto ameachishwa ziwa."

"Mwambie mtoto huyo anyamaze, mwenyewe anakula."

"Nimemwambia. Hasikii Kiswahili."

Mzaha huo ulichekesha mwanzoni. Baadaye haukuchekesha. Kimeu aliitwa katikati ya mahubiri, akapita kati ya viti huku waumini wakimgeukia. Aliitwa akiwa na homa, akaenda amejifunga blanketi la mtoto. Nduguye wa kike, Wayua, alipoletewa mbuzi wa ntheo nyumbani Wamunyu, siku ambayo kaka mkubwa ndiye hupokea wageni wanaokuja kuposa, mbuzi walipokelewa na mdogo wao, Mativo. Kimeu alikuwa amekaa kando ya kabati la chuma akingojea umeme utulie.

Dunia yake ikapungua. Hakuweza kwenda mahali ambapo Bulle asingemfikia. Akawa na Jogoo Road ya kwenda kazini na Jogoo Road ya kurudi, kanisa na duka la kona. Marafiki waliomwalika Machakos aliwaambia labda mwezi ujao, mpaka wakaacha kumwalika. Hata kazini hakuwa peke yake ndani ya jina lake. Kila karani aliyeagiza databesi jambo, mashine iliandika kwamba kimeu ndiye aliyefanya. Mbegu za mtama zikipelekwa kwa waliotaka mahindi, mashine ikiulizwa ni nani, jibu lilikuwa moja: kimeu. Aliitwa kujieleza kwa mambo yaliyofanyika akiwa msalani.

"Nimekuwa mlango," alimwambia mkewe siku moja. "Kila mtu anapita ndani yangu, mimi mwenyewe siwezi kupita."

Alimrudia Bwana Faki, akakataliwa kwa upole. Akarudi tena, akaambiwa asubiri. Hakuwa na uwezo wa kuacha kazi vivi hivi, maana akiondoka jina lake lingefungwa, databesi ingesimama, na ingesemwa ameihujumu. Kukaa kulimbana na kuondoka kulimtisha.

Ndipo, mwaka wa themanini na saba, kabla ya mvua za masika, Mativo akaja kutoka nyumbani. Alifika jioni akiwa na vumbi la njia nzima, akakaa kwenye kochi bila kuvua koti. Ndanu alileta chai, hakuigusa.

"Baba ameacha kula," akasema.

"Tangu lini?"

"Usiniulize tangu lini. Ungekuwapo ungejua." Akamtazama kaka yake. "Anakuuliza wewe. Nikimpa maji anauliza, Kimeu amefika? Nikimgeuza anauliza. Mimi nimekuwa kama mtu asiye mwanawe."

Katika nyumba ya Matheka ilikuwa hivi, tangu kwa baba yake mzee na babu yake. Mwenye boma akihisi safari imekaribia, humwita kifungua mimba, wengine wakatoka, akasema naye wawili tu. Hakuna awezaye kupokea neno hilo kwa niaba yake, wala mke, wala mdogo wake. Neno likikosa sikio lake huzikwa na mwenyewe, na boma hubaki kama kundi lisilo na mchungaji. Mativo alilijua hilo, ndiyo sababu hakuinua kikombe.

"Nitaomba ruhusa kesho," Kimeu akasema.

"Ruhusa!" Mativo akapiga paja. "Mtu mzima, na masomo yote hayo, unaomba ruhusa kwa chuma? Kaka, hata mbwa wa askari anafunguliwa mnyororo apate kunyoosha miguu."

"Mativo," Ndanu akasema, "chai inapoa."

"Ipoe, shemeji. Babangu pia anapoa."

Kesho yake Kimeu akapanda ghorofani. Bwana Faki alipomsikia akasimama, akampa pole kwa moyo, akamwombea mzee. Kisha akasema, "Nenda. Lakini databesi isisimame. Malori ya mbegu yanatoka kila siku, wakulima wanaitazama mvua."

"Stima ikipotea, itasimama. Kuiwasha lazima mimi, ndiyo amri yako."

"Basi na tungoje malori yaishe, ndugu yangu. Wiki chache."

"Babangu hana wiki chache."

"Mungu ndiye ajuaye nani ana nini."

"Nipe ruhusa ya lile jina niliyokuomba. Nusu saa ya kazi. Sitaitwa tena, wala mwingine hataitwa."

Bwana Faki akatikisa kichwa. "Siwezi. Nikikubali mmoja, kesho idara nyingine italeta wake, itasema mbona Kimeu alikubaliwa. Nisamehe."

Kimeu akarudi nyumbani, akamkuta Mativo bado yuko kwenye kochi. Hakuna aliyeuliza. Uso wake ulikuwa umesema tangu langoni. Usiku kucha alijigeuza kitandani, na asubuhi Ndanu akamwambia neno moja tu, nalo analirudia hapa ili lisihesabiwe kwa mumewe peke yake: "Nenda."

Jumamosi ofisi ilifungwa saa saba mchana. Kimeu alibaki, na Koki akabaki kwa sababu alimwona amebaki. Mbele ya macho ya Koki, jua likiwa bado kali dirishani, aliisimamisha databesi, akafungua jina jipya, akaliita mbegu. Akalikabidhi mafaili ya mbegu yote, wala hakulikabidhi kingine chochote, hata barua moja ya ofisi. Akaufunga mlango wake, lisiwe na neno la siri hata kidogo, asipatikane binadamu wa kuingia kwa jina hilo, yeye mwenyewe akiwamo. Kisha akaiandikia mashine agizo: kila utakapoamka, mwamshe mbegu. Akaizima mashine nzima, akaiwasha. Databesi ikaamka bila kumuuliza mtu.

"Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivi?" Koki akasema.

"Ndogo."

"Na mimi nimeona nini, mzee? Nimeona au sijaona?"

"Umeona. Wakikuuliza waambie ni Kimeu, na waambie ni mchana. Usidanganye kwa ajili yangu."

Alfajiri ya Jumapili yeye na Mativo walipanda basi stendi ya Machakos, kando ya Muthurwa, na alipokuwa akipanda aligeuka kutazama nyuma, kwa mazoea, kama pikapu ya Bulle inakuja.

Alimkuta babake yu hai. Wengine wakatoka, wakabaki wawili. Mzee Matheka alisema aliyotaka kusema, kisha akaomba uji, akanywa kidogo. Jumatatu jua likizama akafariki mkononi mwa mwanawe.

Jumatatu hiyo hiyo stima ya Eneo la Viwanda ilipotea. Shule zilikuwa zimefungwa, Ndanu alikuwa nyumbani, na simu ililia hadi akaiinua na kusema Kimeu hayupo. Hawakuamini. Bulle akafika langoni.

"Mwalimu, tafadhali, mzee wapi? Huko ni moto."

"Yuko Wamunyu kwa babake."

"Wamunyu!" Bulle akashika kichwa. "Wallahi leo tumekwisha."

Lakini hawakwisha. Bulle aliporudi alikuta stima imerudi na makarani wanaandika kama kawaida, malori yanapakiwa, na Bwana Faki amesimama katikati ya chumba. Koki alimsimulia Ndanu baadaye jinsi ilivyokuwa. Lau mashine ingekufa, mkubwa yule angekasirika na kumsamehe mfiwa. Ilikuwa hai, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Nani ameiwasha?" akauliza.

"Imejiwasha, Bwana Faki."

"Kwa jina la nani?"

Koki akasema ukweli alioagizwa kusema. Bwana Faki akavuta kiti, akaketi, akaangalia kioo kama mtu anayeangalia kaburi limefukuliwa.

Kimeu alimzika babake, akarudi, akaitwa mbele ya wakubwa. Hakuomba wakili wala huruma. Aliulizwa kama alifungua jina lisilo la mtu, akasema ndiyo. Kwa ruhusa ya nani? Hakuwa na ruhusa. Kisha Bwana Faki, ambaye hakutaka kumpoteza, akafungua mlango mwembamba.

"Lifute hilo jina, Bwana Kimeu. Rudisha lako. Uandike kwamba ilikuwa dharura ya msiba. Kesho ukae kwenye kiti chako, na habari itakwisha humu humu."

Wote wakamwangalia. Ilikuwa rahisi sana. Angekuwa na kazi, heshima, simu nyumbani, Bulle langoni.

"Mamangu bado yu hai," Kimeu akasema. "Naye ataniita siku moja. Jina langu silirudishi."

Wakamwachisha kazi siku ile. Sababu waliyoipa iliandikwa na mtu asiyejua mashine: kuingiza mtu hewa katika kumbukumbu za shirika. Maneno hayo yakashuka ngazi na wapiga chapa, yakapanda matatu, yakateremka Buruburu kabla ya mwenyewe kufika nyumbani. Jioni ile jirani alimwuliza Ndanu dukani ni wangapi aliowaandika mumewe.

Bwana Faki alitafuta mtu mwingine wa kutoa jina lake badala ya mbegu. Hakupatikana, na jina likabaki lilivyo. Hilo halikumsaidia Kimeu. Kila ofisi aliyobisha hodi ilikuwa imekwisha kusikia lile neno moja. Walimsikiliza, walimsifu kwa masomo yake, hawakumwandikia tena. Akafundisha hesabu jioni kwenye chuo cha watu binafsi karibu na Jogoo Road, mwaka baada ya mwaka, kwa chaki na kikohozi, mpaka alipofariki. Alitoka kwenye kamba moja akaingia kwenye nyingine, na hii ya pili ilisokotwa na midomo ya watu aliokuwa akiwasalimu kila asubuhi. Mamake alipomwita, alikwenda siku ile ile.

Kuna waliokuja kwa Ndanu baada ya mazishi ya Kimeu, wengine wa ukoo na wengine wa kanisa, kutaka kujua Mzee Matheka alimwambia nini mwanawe walipobaki wawili, hata mtu akaacha kazi ya namna ile kwa ajili yake. Mativo ameuliza mara nyingi, na Wayua pia. Kimeu alimwambia mkewe. Mkewe anakumbuka kila neno, na hasemi. Hatasema kwa barua wala kwa mdomo, wala kwa aliyekuja na sukari mkononi. Msiulize tena.